SHAMBA LA KUKIMBILIA: KWANZA ULIZA MAJI YALIFIKA WAPI

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha hapa Dar es Salaam, na amebakiza miaka minne astaafu. Jumamosi moja ya mwezi Februari alinijia nyumbani usiku, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Alikataa chai mpaka alipoikunjua mezani. Ilikuwa ramani iliyochorwa kwa mkono, na aliyeichora ni dalali. Mlikuwa na mto, barabara, vistari vya minazi, na mraba mmoja ulioandikwa "ekari 10".

"Mdogo wangu," akasema, "nimepata mahali pa kukimbilia."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo, maana si yeye peke yake ayasemaye. Nyumba yake iko Kigogo, kando ya Bonde la Msimbazi. Katika mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua makumi ya watu hapa mjini, alikesha juu ya paa la jirani yake akiwa amemfunga mtoto mmoja mgongoni kwa kitenge cha mama yake. Baadhi ya waliokumbwa na maji siku zile walihamishiwa Mabwepande. Yeye alirudi, akakomba matope, akapaka rangi upya. Lakini tangu hapo wingu likitanda upande wa Pugu halali usingizi. Halafu ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020, na zamu za kiwandani zikapunguzwa. Basi akaanza kuweka akiba ya shamba, kidogo kidogo, mahali ambapo mji ukimshinda ataondoka na familia yake, alime, avue samaki, afuge kuku, asimpigie mtu magoti.

Simlaumu hata kidogo. Lakini ni desturi yetu sisi watu wa mjini kununua shamba kama tunavyonunua kanga, yaani kwa kutazama rangi. Na fedha zenyewe ni jasho la miaka mingi, ambazo zikipotea hazitarudi tena katika umri wa miaka sitini. Kwa hiyo nilimwomba jambo moja tu: asilipe hata senti mpaka tumekwenda kuona, yeye, wifi yangu, na mimi.

Tulikwenda tukaona mashamba matatu, yote katika mwambao wa kusini, kuanzia Kibiti hadi Kilwa.

BONDENI

La kwanza ndilo lile la kwenye ramani. Liko katika Bonde la Mto Rufiji, mwendo wa pikipiki kutoka Ikwiriri, na sitaficha kwamba lilinipendeza. Udongo wake ni mweusi na laini kama unga uliopepetwa. Migomba imenona, mpapai unazaa ukiwa kimo cha mtoto. Kaka aliuchukua udongo ule mkononi akaufumba, akaufumbua, akaunusa. Dalali alitabasamu kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Hapana budi tuelewe rutuba ile imetoka wapi. Mto Rufiji unapofurika huacha tope jipya, na wenyeji wamelima kwa kulifuata tope hilo tangu enzi za mababu. Mpunga hupandwa wakati wa mvua. Maji yakisha kupungua hupandwa mahindi, kunde na maboga katika unyevu uliobaki, kilimo ambacho wenyewe hukiita mlau. Ni kilimo cha watu wenye maarifa. Lakini maana yake ni kwamba udongo ukiwa mzuri namna ile, mafuriko ndiyo yaliouleta, na yatarudi kuleta mwingine.

Dalali alikuwa na jibu. Alisema maji hayafiki hapo "siku hizi" kwa kuwa mto umezibwa huko juu. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Lakini ni kweli vile vile kwamba Aprili 2024 mafuriko yalifunika nyumba na mashamba katika Wilaya za Rufiji na Kibiti, Muhoro na Chumbi zikiwa miongoni mwa sehemu zilizopata taabu. Sitaingia katika ubishi wa kilichosababisha. Kwa mnunuzi wa ekari kumi yatosha kujua kwamba bwawa likijaa maji ya ziada hufunguliwa, nayo hupita palepale ambapo mto umepita siku zote.

Karibu na mpaka wa shamba lile tulimkuta mzee mmoja akisuka ungo chini ya mwembe. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za safari. Nilipomuuliza maji ya mwaka ule yalifika wapi, hakusema neno. Aliinuka, akaweka kiganja chake kwenye gome la mwembe, juu kidogo ya bega langu. Palikuwa na alama ya tope iliyokauka.

"Sasa nyinyi mnakaa wapi, babu?" akauliza kaka.

"Hapa ni shamba, mwanangu. Nyumba iko kule juu," akajibu, akionyesha kwa kidevu mwinuko wa mchanga uliokuwa ukionekana kwa mbali, wenye mikorosho na mapaa ya bati.

Ndugu msomaji, jibu hilo lina historia. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde lile na kuwaweka kwenye miinuko ya pembeni. Wazee huko wanaikumbuka kwa jina la Operesheni Rufiji. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Hata leo mkulima wa bondeni hutembea mwendo mrefu kwenda kulima, na mazao yakikaribia kukomaa hulala shambani katika dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akiwafukuza nguruwe mwitu usiku na ndege mchana. Na viboko nao wana njia zao. Maana yake ni kwamba anayenunua bondeni amenunua nusu ya makazi. Nusu ya pili, yaani kiwanja cha kujenga juu mwinukoni, ataitafuta kwa fedha nyingine, na dalali hakuwa ameitaja.

Wifi alinivuta kando. "Wifi yangu," akaninong'oneza, "huyu bwana mbona ana haraka tulipe kabla ya masika?"

Sikuwa na la kumjibu, wala hakulihitaji.

UFUKWENI

Tuliondoka tukavuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea watu wa kusini adha ya kungoja kivuko, tukashuka mpaka sehemu za kati ya Somanga na Kilwa Kivinje. Huko tulionyeshwa ekari nne zinazotazama bahari. Upepo ulikuwa mwanana, minazi ikipungia, dau moja likirudi kutoka kuvua. Nadhani ikiwa kuna mahali ambapo mfanyakazi aliyechoka anaweza kupoteza akili zake, ni hapo.

Mwenye shamba alipima hatua kutoka majini hadi kwenye miti ya kwanza, akatuambia bahari iko mbali. Lakini tulifika maji yakiwa yamekupwa. Katika mwambao wetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hufika mita 3 na zaidi, na mtu anayepima ufuko maji yakiwa yametoka anapima sakafu ya bahari. Wifi, ambaye amezaliwa Mafia, aliinama akaokota mwani mkavu nyuma kabisa ya mnazi wa tatu. Aliuweka mkononi mwa kaka bila kusema kitu. Baadhi ya minazi ya mbele ilikuwa imeachwa mizizi nje, ishara kwamba ufuko unaliwa.

Sheria nayo imeliona jambo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na vivyo hivyo kando ya mito. Katika kipande kile chembamba, ukiondoa mita 60 hakibaki cha kujivunia. Upande wa kusini kulikuwa na mikoko, ambayo mwenye shamba alisema "tutaikata kidogo mpate mandhari". Misitu ya mikoko ni hifadhi ya Serikali, si mali ya kukatwa kwa hiari ya mtu. Lakini hata sheria isingekuwapo, mti ule ndio unaovunja nguvu ya wimbi kabla halijafika mlangoni. Kuukata ili uione bahari ni kuifungulia bahari mlango.

Sasa nizungumzie kimbunga, maana watu wengi hudhani kwamba si jambo la kwetu. Ni kweli kwamba tuko karibu na ikweta na vimbunga hutufikia kwa nadra. Lakini hutufikia. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliupiga mji wa Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu kaskazini ya Msumbiji, na watu wa Mtwara wakatahadharishwa. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilitujia kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa. Kisha tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Vyote vitano vilikuja Aprili au mwanzoni mwa Mei, yaani wakati ambapo ardhi imekwisha shiba maji ya masika na haiwezi kunywa zaidi. Ndiyo sababu madhara ya Hidaya katika sehemu zile tulizokuwa tumesimama hayakuwa ya upepo tu. Mvua zilizoandamana nacho ziliikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikatenganishwa na Dar es Salaam. Njia nyingine ya lami kwa gari ni ile ya kuzunguka Masasi, Songea na Njombe. Nilimuuliza kaka: ikiwa mji umekuwa na balaa mwezi wa Aprili, naye amepakia watoto kwenye gari kukimbilia shambani, na barabara imekatika Somanga, atakuwa amekimbilia wapi?

Kuhusu tsunami nitasema kwa ufupi. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalifika hata kwetu, na watu wasiopungua 10 walipoteza maisha. Anayeishi ufukweni na awafundishe watoto wake kwamba bahari ikikupwa ghafla kupita desturi na kuacha samaki wakirukaruka, hiyo si siku ya kuokota samaki. Ni kukimbia kuelekea juu, na kutorudi mpaka watu wazima waseme.

Kilichomaliza habari ya ufukweni, hata hivyo, kilikuwa kikombe cha maji. Tulichotewa kisimani, tukanywa. Kaka akasema ni matamu. Wifi akasema ni matamu leo. Chini ya mchanga wa pwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi, na utando huo wa maji baridi huweza kuwa mwembamba sana. Mvua huuongeza, kiangazi huupunguza. Ukichimba kwenda chini sana, au ukifunga pampu ukavuta maji kwa fujo, chumvi hupanda, na kisima kilichoharibika namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Kwa hiyo kisima cha pwani kionjwe mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kabla vuli haijaanza. Asiyeweza kungoja hadi Oktoba na awaulize akina mama wa jirani wao huchota wapi mwezi huo. Tuliuliza. Huchota kwingine, mwendo wa saa nzima.

MCHANGANI

Shamba la tatu halikuwa katika ramani ya mtu. Tulilipata tukirejea, kwa kuuliza, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kibiti kilicho juu ya mwinuko. Halipendezi. Ni mchanga mwekundu uliochanganyika na mweupe, mikorosho mizee isiyopogolewa, na mihogo ya jirani. Huoni mto wala bahari. Kaka alinuna. Alisema hakufanya kazi miaka yote hiyo ili azikwe mchangani.

Nami nilimwelewa, kwa sababu hata mimi moyo wangu ulikuwa umebaki kule kwenye minazi. Lakini tulikaa kutwa nzima, na mambo yalianza kujionyesha moja baada ya jingine. Nyumba za wazee wa kijiji zilikuwa pale pale, na zilikuwa za siku nyingi. Mahali ambapo wazee wamejenga, wakajenga tena, wakazika watu wao, aghalabu pana sababu. Barabara ya lami iko karibu, upande huu wa mto, bila daraja kubwa wala Somanga katikati. Shule ipo. Mwaka 2024 watu wa bondeni walipopanda kukimbia maji, baadhi yao walipokelewa kijijini hapo. Kwa maneno mengine, hapo ndipo waliokumbwa na mafuriko walipokimbilia.

Upungufu wake ni maji. Kisima cha kijiji ni cha pampu ya mkono. Wifi aliomba ndoo, akaiweka kichwani, akatembea kutoka kwenye kile kiwanja hadi kisimani na kurudi huku akitazama saa. Dakika arobaini na tano, mbali na foleni. Alipoitua akamgeukia mumewe. "Baba, umezungumza juu ya minazi, umezungumza juu ya samaki na kuku. Ni nani atakayechota?"

Kaka alikaa kimya kitambo kirefu. Naona ni haki nimsifu, maana hakukasirika. Alitoa kalamu, akaanza kupiga hesabu nyuma ya ile ramani ya dalali, na hesabu yenyewe ni hii, ambayo naomba uikate uitunze. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati huleta lita moja ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 9 ina mita 72 za mraba, basi mvua moja nzuri ya milimita 20 huleta lita 1,440. Ondoa kidogo kwa ajili ya yanayomwagika na yale ya kwanza yanayoosha vumbi. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa shughuli zote watamaliza lita 120 kwa siku, na tangi la lita 5,000 litawatosha siku 41 tu. Lakini wakilitenga kwa kunywa na kupikia peke yake, lita 5 kwa kila mtu, tangi hilo hilo litawafikisha siku 166, yaani kiangazi chote tangu Juni hadi vuli. Ya kufulia na kuogea yatachotwa kisimani, na kaka ameahidi mbele yangu kwamba yatachotwa kwa baiskeli, naye ndiye atakayeiendesha. Nimeyaandika hapa gazetini makusudi.

Hesabu hiyo inaamua na paa. Makuti ni baridi na rahisi, lakini hayavuni maji. Bati huvuna, ila likishikwa na upepo hugeuka panga. Fundi wa kijijini alitushauri paa la pande nne, ambalo halitoi ukuta mpana kwa upepo kama lile la pande mbili, na kila kenchi ifungwe kwa waya hadi ndani ya ukuta, isitegemee misumari tu. Mnazi au mkorosho usiwe karibu na nyumba kiasi kwamba ukianguka utaifikia.

Kuhusu chakula, mwanamji hufikiri minazi kwanza. Mnazi mrefu wa asili huchukua kiasi cha miaka sita au saba kuzaa, na kaka ana miaka hamsini na sita. Na apande, wajukuu watamshukuru, lakini chakula cha dharura ni muhogo. Unaweza kukaa ardhini mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe, hauhitaji ghala, wala hauibwi kwa urahisi kama gunia. Tahadhari zake ni hizi. Usiupande bondeni, kwani maji yakisimama siku chache tu huoza wote. Usichukue vipando popote ulipopita, kwa sababu pwani ndiyo makao ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao wataalamu waliueleza kwa mara ya kwanza huko Amani, Tanga, mwaka 1936. Shina na majani huweza kuonekana salama huku mzizi umeoza ndani, na utakuja kujua siku unayochimba, siku yenyewe ya njaa. Na aina chungu hazina budi kumenywa, kulowekwa na kukaushwa barabara; sumu yake huzidi miaka ya ukame, wakati ambapo watu wana haraka ya kula. Mikorosho mizee tuliyoikuta inaweza kupogolewa, na miche bora iliyobebeshwa huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu hivi. Hiyo itakuwa fedha yake ya chumvi na ada.

Halafu kuna suala la umilikaji. Dalali wa bondeni alitaka tuandikishane mbele ya mashahidi watatu, tupige picha, tumalize. Karatasi ya namna ile haitoshi kuwa umilikaji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ule wa wanakijiji wote watu wazima. Mgeni haombi kwa dalali. Huomba kwa kijiji, na akikubaliwa hutafuta hati ya haki miliki ya kimila. Watu wengi hulikimbia jambo hili kwa kuona ni urasimu. Mimi naona ni hatua yenye faida kuliko zote. Mkutano ule utakuuliza unatoka wapi, unataka kufanya nini, utaishi hapa au utakuja Krismasi tu. Ukisimama mbele ya watu mia ukajibu, wamekuona. Na siku ya maji, mwenye mtumbwi humchukua kwanza anayemjua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaotaka shamba la kujificha, mbali na watu wote, lenye ukuta na akiba ya mchele. Mafuriko ya 2024 hayakukabiliwa na mtu mmoja mmoja. Aliyeokolewa aliokolewa na mtumbwi wa mwenziwe, akalala katika nyumba au shule ya wenziwe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa hadi kijijini. Mgeni akifika na aulize ni nani waliomo, na yeye ataongeza nini. Fundi wa mitambo anayeweza kutengeneza pampu ya mkono ana cha kuongeza. Nilimwambia kaka kwamba kijiji kile pengine kinamhitaji yeye kuliko anavyokihitaji.

Vitu vya kuweka tayari ndani ya nyumba ni vichache na havigharimu sana: redio ya betri ya kusikilizia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, tochi, kamba, viberiti na hati za shamba na vyeti vya watoto ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, dawa za mwenye maradhi, chumvichumvi za kuharisha, vyandarua, na mbegu za msimu unaofuata zikiwa juu ya dari. Hidaya ilitangazwa kabla haijafika. Taarifa ilikuwapo; kilichohitajika ni mtu wa kuisikia na kujua aende wapi.

Tulirudi mjini usiku. Kaka hakulipa mtu. Baada ya siku tisa alinipigia simu akasema ameomba likizo yake yote iliyolimbikizana, amepanga chumba kwa mwenyekiti wa kile kijiji cha mchangani kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, na mwenyekiti ameahidi kulipeleka ombi lake katika mkutano mkuu ikiwa bado atakuwa analitaka baada ya masika. Anataka kuona mvua ikinyesha juu ya ule mchanga, aone maji yanapita wapi, na aone njia ya kisimani ikiwa tope. Wifi naye amesema zamu yake ni Oktoba. Hakuna fedha itakayotoka mpaka ameonja maji.

Hivi sasa ninapoandika, kaka ameniagiza nimtafutie buti za mpira, namba 9.